Uzla: Kwa Nini Watu Wengine Hujitenga na Wenzao?

Amma baad. Juma lililopita, baada ya darsa, kijana mmoja alibaki nyuma hata wenzake walipokwisha ondoka, akaniambia: "Maalim, mimi nimechoka na watu. Barazani ni kusengenyana, sokoni ni kuhadaana, na msikitini kwenyewe watu wagombania uongozi. Nataka nihamie shamba la babu yangu, niswali na nisome, nisionane na mtu. Je, nina makosa?" Sikumjibu usiku ule. Nilimwambia, "Mwanangu, nipe juma moja," kwani swali hilo nami nimepata kujiuliza, na nililijibu vibaya. Jibu langu ni hili, nalo nalitoa mbele ya wote kwa kuwa si yeye peke yake katika miji yetu mwenye kuuliza hivi.

Kujitenga na watu kwa kukusudia, wanavyuoni hukuita uzla. Si jambo la jana. Kabla ya kuja Uislamu walikuwako watawa wa Kinasara katika majangwa ya Misri na Sham, walioacha miji na ndoa na mali wakaenda kukaa mapangoni. Qur'ani katika Sura ya Al-Hadid, aya ya 27, yatufahamisha kwamba utawa ule waliuzua wao wenyewe wakitaka radhi za Mola wao, wala hawakuandikiwa, kisha wasiuchunge kama ipasavyo. Hapa twajifunza ya kwamba nia yaweza kuwa njema, na njia isiwe ndiyo.

Mtume wetu (s.a.w.) naye alikuwa akijitenga katika pango la Hira masiku kadha, kisha akirudi kwa Bibi Khadija kuchukua chakula. Lakini ulipomjia wahyi alishuka kwa watu, na miaka yote 23 iliyofuata aliishi kati yao, akila nao, akiudhiwa nao, akiwatazama wagonjwa wao na kuwazika maiti wao. Khalwa aliyotuachia ni itikafu, nayo hufanywa msikitini, mahali wanapokutana watu mara tano kwa siku.

Basi ni kitu gani kimpelekacho mtu kujitenga? Ukiwachungua wenye kufanya hivyo utaona sababu nne.

Ya kwanza ni kutaka faragha ya ibada na elimu. Moyo una shughuli nyingi, na mwenye kutaka kufikiri huhitaji kimya.

Ya pili ni kukimbia fitina. Alipouawa Sayyidna Uthman mwaka 35 wa Hijria, na Waislamu wakashikiana panga, Saad bin Abi Waqqas hakuingia upande wowote. Alikaa nje ya Madina na ngamia wake. Mwanawe alipomwendea kumlaumu kwamba watu wateta juu ya ufalme naye yuko na mifugo, alimpiga kifuani akamwamuru anyamaze. Huyu hakuwa mwoga, kwani ndiye aliyeongoza jeshi la Qadisiya. Na katika Bukhari imo hadithi kwamba utafika wakati mali bora ya Mwislamu itakuwa ni kondoo awapelekao vileleni mwa milima, akikimbia na dini yake.

Ya tatu ni kuchoka na maudhi. Mtu amedhulumiwa, au amevunjiwa heshima, akaona mlango uliofungwa ni bora kuliko marafiki kumi.

Ya nne ndiyo mbaya, nayo hujivika nguo za zile tatu. Nayo ni kiburi na uvivu. Mmoja hujitenga kwa kuwaona wenzake wachafu naye ni safi. Wa pili hajitengi ila na kazi. Hukaa na tasbihi akangoja sahani ya jirani, kisha akaitwa mcha Mungu. Huyu na akumbuke kwamba Mtume (s.a.w.) alimpendelea mtu achukue kamba akakate kuni mlimani akauze, kuliko kuwaomba watu.

Sasa, nani awezaye kutufundisha kupambanua sababu hizi? Mimi simjui aliyelipima jambo hili kwa nafsi yake kuliko Imamu Abu Hamid Al-Ghazali. Alizaliwa Tus, katika nchi ya Khurasani, mwaka 450 wa Hijria (1058). Mwaka 484 (1091) waziri Nidhamu-l-Mulk alimweka kufundisha katika Madrasa ya Nidhamiya mjini Baghdad, kiti ambacho wanavyuoni wengi walikitamani. Wanafunzi 300 walikuwa wakimsikiliza.

Katika kitabu chake Al-Munqidh asimulia kwamba aliitazama nia yake katika kufundisha akaiona si ya Mwenyezi Mungu, bali ni ya kutaka cheo na sifa. Muda wa karibu miezi sita, tangu Rajabu mwaka 488 (1095), alivutwa huku na huku. Asubuhi aazimia kuondoka, jioni azimio limevunjika. Mwisho ulimi wake ulifungika asiweze kusomesha, na chakula kikamshinda kumeza, matabibu wakakata tamaa. Ndipo alipoigawa mali yake, akaacha ya kuwatosha watoto wake, akaenda Sham. Alikaa Damaski karibu miaka miwili, akipanda mnara wa msikiti na kujifungia humo mchana kutwa. Kisha akaenda Baitul Muqaddas, kisha akahiji.

Zingatia, ndugu msomaji. Ghazali hakukimbia ubaya wa watu wa Baghdad. Alikimbia ubaya alioukuta kifuani mwake. Na yeye mwenyewe aagiza katika Ihya kwamba mwenye kujitenga na anuie kwanza kuwaepusha watu na shari yake, si kujiepusha yeye na shari yao. Maana huyu wa kwanza amejidharau, na huyu wa pili amejikuza.

Katika Ihya mna kitabu kizima cha adabu za uzla. Humo ametaja faida sita za kujitenga, miongoni mwake faragha ya ibada, na kusalimika na kusengenya na ria na fitina. Kisha akataja faida saba za kukaa na watu, zinazompotea mwenye kujitenga: kusoma na kusomesha, kunufaika na kunufaisha, kutia adabu na kutiwa adabu, kuliwazana, kupata thawabu za kutimiza haki za watu, kujifunza unyenyekevu, na kupata uzoefu wa mambo.

Katika hiyo ya mwisho ametoa mfano usiosahaulika. Asema moyo wenye tabia mbaya ni kama jipu lililojaa usaha: mwenyewe huenda asihisi maumivu mpaka mkono wa mtu mwingine uliguse. Akikaa peke yake asiguswe, atadhani kuwa ni mzima. Na amesimulia habari ya mtu aliyeswali miaka 30 katika safu ya mbele, hata siku moja akachelewa akasimama safu ya pili, akaona haya kwa kutazamwa. Akajua kumbe miaka yote ile ilichanganyika na ria, akazirudia swala zake. Je, angalilijua hilo shambani?

Mimi nalijua jipu langu. Nilipokuwa na miaka 22 nilikosana na wenzangu wawili kwa jambo la chuoni, nikaona nimedhulumiwa, nikahamia shamba la mjomba wangu. Nilikaa huko miezi saba. Nilidhani nimekimbilia kwa Mungu. Lakini kila usiku nilipolaza kichwa ugomvi ule ulirudi neno kwa neno, na kila usiku mimi ndiye niliyeshinda. Siku moja mchukuzi wa nazi aliniambia kwamba mzee jirani yetu, aliyenifunza kufunga kilemba, amekufa na amezikwa siku tatu nyuma. Hakuna aliyeniletea habari, kwani watu walidhani sitaki kuitwa. Nilirudi mjini siku ile ile kuwapa mkono wafiwa. Mwanawe hakunilaumu, alisogea mkekani nipate kukaa. Hilo lilinitia haya kuliko lawama.

Hadithi sahihi yataja haki tano za Mwislamu kwa mwenziwe: kumrudishia salamu, kumtazama akiugua, kufuata jeneza lake, kuitikia mwaliko wake, na kumwombea rehema apigapo chafya na kumshukuru Mungu. Zihesabu uone: hakuna hata moja iwezayo kutimizwa na mtu aliye peke yake.

Na siku hizi pana uzla ya ajabu. Mtu hufunga mlango asiamkiane na jirani, lakini simu i mkononi, na ndani yake mna baraza ya watu elfu na masengenyo ya mji mzima. Huyu amekimbia wagonjwa na maziko, hakukimbia ulimi. Amekusanya hasara za pande zote mbili.

Turudi kwa Ghazali, kwani mwisho wa habari yake ndio jibu. Baada ya miaka kama kumi na moja ya kuacha kufundisha, alitakiwa arudi kusomesha Nishapur. Hapo alijihukumu mara ya pili. Aliona maradhi ya dini yameenea hata kwa matabibu wenyewe, akaiambia nafsi yake kwamba haifai kuishika uzla kwa uvivu, na raha, na kuepa maudhi ya watu. Akarudi mwaka 499 (1106). Nia ile ile iliyomtoa Baghdad ndiyo iliyomrudisha darasani. Kisha alirejea kwao Tus, akafa mwaka 505 (1111).

Kwa hiyo uzla ni dawa, nayo ina kipimo. Imamu Shafi alimuusia mwanafunzi wake Yunus kwamba kujikunja mbele ya watu huleta uadui, na kujikunjua mno huvuta marafiki wabaya, basi awe kati na kati. Mwenye kutaka kujitenga na ajiulize maswali manne. Nakimbia shari yao, au yangu? Ni nani mwenye haki kwangu atakayeumia nikiondoka: mama, mke, mtoto, jirani? Nitakula jasho la nani? Na ni jambo gani litakalonirudisha? Asiye na jibu la hili la nne hajaenda khalwa, amehama.

Nasi tuliobaki tusijione tumesalimika. Kijana mwema akiukimbia msikiti kwa ugomvi wetu, tusiulize ana nini tu. Tuulize tumemfanya nini. Mlango wa baraza ambayo haisengenyi mtu haukimbiwi.

Kijana wetu nimemwambia aende shamba siku kumi, apumzike na asome, na Ijumaa itakayofuata nitamwekea nafasi ubavuni pangu. Mtume (s.a.w.) ametufahamisha kwamba muumini akaaye na watu na akayavumilia maudhi yao ni bora kuliko asiyekaa nao wala asiyevumilia. Mwenyezi Mungu atujaalie faragha yenye kututengeneza, na atupe subira ya kukaa na waja wake. Amin.