NANI ALIPE GHARAMA YA MGONJWA?

Mtoto akishikwa na homa usiku huko Mbagala, katika Temeke, asubuhi mama yake humpeleka zahanati iliyo karibu. Ugonjwa ukiwa mzito hupelekwa kituo cha afya, na ukizidi, Hospitali ya Temeke. Mtu wa Kinondoni naye huenda Mwananyamala, na walioshindikana huko huletwa Muhimbili. Njia hii watoto wa Dar es Salaam waijua. Lakini daktari, dawa na kitanda vyote vina gharama. Nani alipe? Swali hili limejibiwa na kila nchi kwa namna yake, tena majibu yamegeuka mara nyingi.

Tuanze na Wajerumani. Mwaka wa 1883 serikali yao ilitunga sheria ya bima ya ugonjwa kwa wafanya kazi. Mfanya kazi alitoa mafungu mawili, bwana wake akatoa fungu moja. Naye alipougua alitibiwa, akapewa na fedha kidogo za kula, hata majuma 13. Miaka miwili baadaye Wajerumani hao walianza kuitwaa nchi yetu, lakini sheria ile haikupanda merikebu pamoja nao. Mwaka wa 1897 Dar es Salaam ilikuwa na hospitali nzuri ufukoni, Ocean Road, nayo ilikuwa ya Wazungu. Waafrika na Wahindi walipata ya kwao kwa fedha za Sewa Haji Paroo, mfanya biashara Mhindi wa Bagamoyo. Hiyo ndiyo asili ya Muhimbili ya leo.

Waingereza nao, mwezi wa Julai 1948, waliamua kwao kwamba matibabu yalipwe kwa kodi ya wote, na mgonjwa asidaiwe kitu mlangoni. Huku Tanganyika, waliyokuwa wakiitawala, mpango huo haukufika.

Baada ya Uhuru, na hasa baada ya Azimio la Arusha la 1967, serikali yetu ilitaka matibabu yawe bure, ikajenga zahanati nyingi vijijini. Mwaka wa 1977 ilikataza hata udaktari wa kutafuta faida. Nia ilikuwa njema. Ila hazina ilipopungukiwa, dawa nazo zilipungua. Basi mwaka wa 1991 madaktari wa faida waliruhusiwa tena, na tangu 1993 wagonjwa walianza kuchangia katika hospitali za serikali, isipokuwa wajawazito na watoto wadogo. Uganda ilikwenda kinyume: mwaka wa 2001 ilifuta malipo hayo katika vituo vyake. Wagonjwa maskini walimiminika, hata mahali pengine dawa zikaisha. Kufuta bei si sawa na kuleta dawa.

Ndipo watu waliporudia bima. Mwenye kuujua upatu ataielewa upesi. Nyumba 100 zikitoa shilingi 1,000 kila mwezi, zapatikana 100,000. Katika upatu kila mtu hungoja zamu yake kwa furaha. Katika bima kila mtu huomba zamu yake isifike. Kwa sababu hiyo mwenye afya huona fedha zake zimepotea, akajitoa. Wakibaki wagonjwa peke yao, mfuko hukauka.

Kwa mwenye mshahara jambo ni jepesi. Mfuko wetu wa Taifa wa Bima ya Afya, uliowekwa kwa sheria ya 1999, ulianza na watumishi wa serikali: fungu la mshahara lilikatwa kabla hawajaushika, na mwajiri akaongeza lake. Kenya ilikuwa na mfuko wake tangu 1966. Mwezi wa Oktoba 2024 iliuweka mwingine mahali pake. Lakini muuza samaki, mama lishe na mwendesha bodaboda hawana mshahara wa kukatwa. Leo wapata, kesho hawapati. Rwanda, iliyoanza kujaribu bima za jamii mwaka wa 1999, ilipanga mchango kwa kadiri ya uwezo wa kila nyumba, na walio maskini kabisa hulipiwa. Mwaka wa 2023 Bunge letu nalo lilipitisha sheria ya Bima ya Afya kwa Wote. Kuiandika ni kazi moja. Kuupokea mchango wa mtu ambaye fedha zake huja kwa siku, na kuhakikisha kwamba akifika zahanati ataikuta dawa, ni kazi nyingine, nayo ni kubwa kuliko ile ya kwanza.