SOMO LETU: KUPAKA RANGI SANAMU ZA WANYAMA



Barabara kuu itokayo Dar es Salaam kwenda Iringa na Zambia inapita katikati ya Hifadhi ya Taifa ya Mikumi, iliyoanzishwa mwaka 1964. Wageni wanaotoka kutazama wanyama hupenda kurudi kwao na ukumbusho. Basi mtu wa Kilosa au Mikumi anayejua kuchonga twiga mdogo wa mti anaweza kujipatia fedha. Lakini sanamu nzuri ikipakwa rangi vibaya haiuziki. Mgeni ametoka kumwona twiga mwenyewe asubuhi hiyo hiyo. Ukikosea, atajua. Na rangi ikibanduka mkononi mwake, harudi tena.

Leo tujifunze hatua za kupaka rangi, moja baada ya nyingine.

1. Mti uwe mkavu
Usipake rangi mti mbichi. Mti ukikauka hunywea na kupasuka, na rangi hubanduka. Weka sanamu kivulini, mahali penye hewa, kwa wiki kadhaa. Usiianike juani. Mwembe na mwarobaini ni miti inayofaa. Wachongaji Wakamba wa Kenya huitumia. Mpingo hauhitaji rangi, uzuri wake ni ule weusi wake. Na tukumbuke: mti wa msituni haukatwi bila kibali.

2. Sugua, kisha futa
Anza na msasa mkali, malizia na msasa laini. Sugua kwa kufuata nyuzi za mti. Futa vumbi lote kwa kitambaa chenye unyevu kidogo, uache ikauke. Usiishike kwa mikono yenye mafuta, rangi haitashika.

3. Rangi ya chini
Hii ni rangi nyeupe ya kwanza, mafundi huiita praima. Kazi yake ni kushika mti ili rangi ya juu nayo ipate pa kushika. Siku hizi kuna mashine zinazotengeneza sanamu ndogo kwa rezini, yaani plastiki ya majimaji inayogandishwa kwa mwanga. Hata hizo huoshwa, hukaushwa, na kupakwa praima kwanza. Wanaoruka hatua hii hujuta, huko kama huku.

4. Paka nyembamba, mara mbili
Anayeanza hupenda kupaka rangi nzito ili amalize haraka. Rangi nzito huchuruzika na kuziba macho na masikio ya sanamu. Koroga kopo vizuri. Rangi ya mafuta ipunguze kwa tapentaini kidogo, rangi ya maji kwa maji. Paka, subiri ikauke, paka tena. Ikinata kidoleni bado haijakauka. Wakati wa masika hukawia zaidi, uwe na subira. Wala usianike kando ya barabara, vumbi la malori litaganda juu yake.

5. Mabaka na milia
Anza na rangi nyepesi, malizia na nzito. Twiga apakwe manjano hafifu mwili mzima, ndipo uweke mabaka ya kahawia. Mabaka ya twiga wetu yana kingo za kukatika-katika kama jani, si duara. Punda milia apakwe nyeupe kwanza, halafu milia myeusi mpaka karibu na kwato, na pua nyeusi. Macho yawe ya mwisho kabisa, kwa brashi ndogo sana.

6. Tujilinde
Baadhi ya rangi za mafuta zina madini ya risasi. Risasi ni sumu, hudhuru ubongo wa mtoto hata ikiwa kidogo. Nunua rangi iliyoandikwa kuwa haina risasi. Soma kopo, ndiyo faida ya kisomo! Paka rangi nje au penye hewa, mbali na moto na chakula. Usisugue rangi kuukuu karibu na watoto.

Je, lazima vifaa ghali? Hapana. Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru, alianza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968 kwa rangi za kawaida za dukani. Alifariki mwaka 1972, lakini mtindo wake wa kuchora wanyama unajulikana duniani.

Mwisho, tuandike hesabu daftarini. Kopo moja likitosha sanamu 20, gawanya bei ya kopo kwa 20. Ongeza gharama ya mti, msasa na siku zako za kazi. Hapo ndipo utajua bei isiyokutia hasara.

MASWALI YA KUJADILI KIKUNDINI
1. Kwa nini mti mbichi haufai kupakwa rangi?
2. Rangi ya chini ina kazi gani?
3. Tutawalindaje watoto na rangi yenye risasi?
4. Kopo la shilingi 10,000 likitosha sanamu 20, rangi ya sanamu moja ni shilingi ngapi?