Kilo ya Dukani, Kikombe cha Jikoni

Mchele tunanunua kwa kilo, lakini tunaupika kwa kikombe, bilauri au kopo. Hapo ndipo hesabu hupotea, na katika nyumba yenye mgonjwa wa sukari, kinachopotea si mchele peke yake.

Kikombe cha mililita 250 kikijazwa mchele mkavu na kusawazishwa kwa mgongo wa kisu, bila kushindiliwa, huchukua takriban gramu 200. Kilo moja basi ni kama vikombe vitano. Kikombe hicho hicho cha unga wa ngano hupata gramu 130 hivi, kwa kuwa unga umejaa hewa. Waislamu tunalijua jambo hili kila Ramadhani: Zaka ya Fitri ni pishi moja, yaani vibaba vinne, na pishi ni kipimo cha ujazo. Masheikh wanapoikadiria kwa mizani, hutaja kilo mbili na nusu hadi tatu, kwani uzito hufuata aina ya nafaka.

Vikombe vingi vya chai ni vidogo kuliko mililita 250, kwa hiyo kijue kikombe chako. Nunua kilo moja iliyopimwa mbele yako, kisha ihesabu nyumbani kwa kikombe unachopikia. Ukipata vikombe sita, kila kimoja ni kama gramu 165. Kikombe hicho kikae ndani ya pipa la mchele, kisitumike kwa kazi nyingine.

Kikombe kimoja cha mchele kwa viwili vya maji hutoa karibu vikombe vitatu vya wali. Tui nalo lihesabiwe ndani ya maji hayo. Pishori ya Mwea, basmati na mchele mfupi havifuri sawasawa, ndiyo maana ni salama zaidi kupima mchele ungali mkavu.

Mgonjwa wa sukari na sinia

Katika kila gramu 100 za mchele mkavu, kama 80 ni wanga, na wanga huo mwilini hugeuka sukari. Maji huuvimbisha wali tu, wanga haupungui. Kikombe kimoja cha wali uliokwisha kuiva kina zaidi kidogo ya gramu 50 za wanga.

Sasa fikiria sinia ya mchana. Fundi aliyeshinda akichonga mbao za jahazi kwa tezo anahitaji wali mwingi. Mzee mwenye sukari, aliyeketi ubavuni pake, hahitaji kiasi hicho, lakini mikono yote inachota pamoja na hakuna anayejua nani kala kiasi gani. Kumwambia mzee "punguza kidogo" hakumsaidii, kwani kidogo hakina kipimo. Mpimie wali wake kwa kikombe kabla ya kupakua sinia, kwa kiasi alichoshauriwa zahanati. Kama bado hajashauriwa, wali usizidi robo ya sahani yake. Robo nyingine iwe samaki au kunde, na nusu iliyobaki mboga. Anayetumia insulini au vidonge vya sukari asipunguze chakula ghafla kabla ya kuzungumza na mhudumu wa afya, maana sukari inaweza kushuka kupita kiasi.

Tafadhali, asitengwe. Akae mkekani pamoja na wenzake, sahani yake mbele yake. Mtu akilishwa peke yake pembeni, chakula humchukiza na masharti huyaacha.

Wali uliobaki

Watu wazima sita wa kazi za kawaida hutoshwa na vikombe vitatu vya mchele, pamoja na mchuzi na mboga. Ukipima hivyo, kiporo hakibaki kingi. Hilo ni jema, kwani mbegu za bakteria aitwaye Bacillus cereus hustahimili moto wa kupikia. Wali ukikaa kwenye joto letu, mbegu hizo huchipuka na kutoa sumu ambayo kupasha moto hakuiondoi. Huleta kutapika na kuharisha. Wali uingie kwenye friji kabla ya saa mbili kupita. Mvuvi anayebeba wali baharini aule mapema. Wali wa kula jioni asiuchukue. Uliolala sufuriani kwa usiku mzima bila friji, umwage hata kama haujanuka.