Waokota Mipira Uwanjani: Somo la Haki kwa Darasa la Tano

Utangulizi

Katika mchezo wa mpira wa miguu, watazamaji huwaangalia wachezaji na mwamuzi. Ni wachache wanaowaangalia watoto waliosimama kandokando ya mistari ili kuuokota mpira uliotoka na kuurudisha mchezoni. Watoto hao huonekana katika viwanja vya Nyamagana na CCM Kirumba jijini Mwanza zinapochezwa mechi kubwa, kama zile za Pamba Jiji, iliyorejea Ligi Kuu mwaka 2024. Katika shule zetu za msingi, kinyume chake, kazi hiyo huachiwa yeyote aliye karibu, wala haifundishwi.

Makala haya yanamshauri mwanachuo aifundishe kama somo kamili, kwa sababu moja kubwa. Mtoto aliyeushika mpira ana uwezo wa kutenda haki au kuidhulumu timu moja, na mara nyingi anayemshawishi adhulumu ni mtu mzima wa upande wake.

Maarifa ya mwalimu

Kabla ya kuingia darasani, mwalimu hana budi kuyafahamu mambo yafuatayo:

(a) Kwa desturi timu mwenyeji ndiyo inayowatafuta waokota mipira. Hata hivyo mchezo ukishaanza wao si watumishi wa timu hiyo. Sheria ya 2 ya mpira wa miguu inaruhusu mipira ya ziada kuwekwa kuzunguka uwanja, lakini matumizi yake yako chini ya mamlaka ya mwamuzi.

(b) Mpira huhesabika umetoka pale tu unapovuka mstari wote mzima, ama chini ama hewani. Mpira ulio juu ya mstari bado umo mchezoni. Mwokota mipira asiuguse kabla mwamuzi hajaonyesha kwamba umetoka.

(c) Mwokota mipira ni mtu wa nje ya mchezo. Akiingia na kuuvuruga mchezo, mwamuzi husimamisha na kuanza tena kwa kuudondosha mpira. Vilevile mpira wa pili ukiingia uwanjani na kuuvuruga mchezo, mwamuzi husimamisha.

(d) Yafaa mwamuzi, au msaidizi wake, aonane na watoto hawa kabla ya mchezo. Awaonyeshe mahali pa kusimama na ishara za kufuata, kisha awaambie kwa maneno machache: mpira hurudishwa kwa mwendo uleule kwa timu zote mbili, toka dakika ya kwanza hadi ya mwisho.

Mifano miwili ya kusimulia darasani

Mfano wa kwanza ni wa Brazili, mwaka 2006. Katika jimbo la São Paulo, timu ya Santacruzense ilikuwa ikicheza na Atlético Sorocaba. Mpira uliopigwa na mchezaji wa Santacruzense ulipita kando ya goli. Mwokota mipira akauchukua na kuusukumia wavuni kwa mguu. Waamuzi hawakuona jinsi ulivyoingia, wakalikubali goli, na mchezo ukaisha 1–1. Hapo wanafunzi wataona kwamba tendo la mtoto mmoja laweza kuyageuza matokeo ya mchezo mzima.

Mfano wa pili ni wa tarehe 23 Januari 2013, katika nusu fainali ya Kombe la Ligi kati ya Swansea na Chelsea. Swansea hawakuhitaji kushinda, na muda ulikuwa ukiyoyoma. Mwokota mipira wa miaka 17 aliulalia mpira asiuachie. Mchezaji wa Chelsea, Eden Hazard, alimpiga teke katika kuutafuta mpira huo, akaonyeshwa kadi nyekundu. Kosa la mchezaji lilikuwa wazi. Lakini wanafunzi waulizwe pia: ni nani aliyemweka kijana huyo mahali ambapo kuchelewesha kulionekana kuwa ni uzalendo?

Yafaa kujua kwamba Ligi Kuu ya England ilitafuta dawa ya jambo hili. Katika msimu wa 2024/25 ilitumia mipira 15: mmoja unachezwa, mmoja uko kwa mwamuzi wa akiba, na 13 imewekwa juu ya koni kuzunguka uwanja, ili wachezaji waichukue wenyewe. Waokota mipira huijaza tena koni iliyobaki tupu. Kwa njia hiyo mtoto huondolewa kishawishi.

Vifaa

Shule isiyo na koni isikate tamaa. Kata ya kitambaa au ya majani makavu ya mgomba, ile wanayojitwika akina mama wachotapo maji, huushika mpira vizuri bila kuuacha ubiringike. Mipira ya matambara au ya karatasi iliyofumwa na wanafunzi wenyewe yatosha.

Hatua za somo (vipindi viwili vya dakika 40)

1. Maelezo, dakika 15. Mwalimu achore uwanja ubaoni na kuonyesha nafasi nane za waokota mipira: watatu kila upande wa urefu, na mmoja nyuma ya kila goli.

2. Mchezo, raundi tatu za dakika 12. Katika darasa la wanafunzi 60, kila raundi iwe na wachezaji 14, waamuzi 3 na waokota mipira 8, yaani 25. Raundi tatu hutoa nafasi 75, hivyo kila mwanafunzi atapata kazi. Wanaosubiri wahesabu, kwa kila timu, sekunde ambazo mpira huchukua kurudi. Wasichana na wavulana washiriki sawasawa. Neno “mwokota mipira” halichagui.

3. Kubadilishana nafasi, jumla ya dakika 9.

4. Majadiliano, dakika 20. Mwalimu aandike ubaoni hesabu zilizokusanywa. Kama mpira ulirudi haraka kwa timu moja na polepole kwa nyingine, darasa lieleze sababu. Kisha aulize: “Shule yetu inaongoza 1–0, zimebaki dakika mbili, mpira umo mikononi mwako, na mtu mzima unayemheshimu anakukonyeza usiharakishe. Utafanya nini?” Asiharakishe kutoa jibu.

Usalama

Viwanja vingi vya Mwanza vimepakana na miamba, barabara au ziwa. Mwalimu avikague kabla ya somo. Sheria iwe moja, isiyo na msamaha: mpira uliotumbukia ziwani haufuatwi na mwanafunzi yeyote, hata ajuaye kuogelea. Vimelea vya kichocho hutoka kwa konokono wa majini na kuipenya ngozi ya mtu anayesimama majini, na katika sehemu nyingine za ziwa wamo mamba. Mchezo uendelee kwa mpira mwingine. Uliotumbukia utavutwa na mtu mzima kwa upondo. Vivyo hivyo, mpira uliovuka barabara uchukuliwe na mtu mzima.

Upimaji

Mwalimu apime matendo kuliko maneno. Je, mwanafunzi alingoja ishara ya mwamuzi? Je, aliirudishia mipira timu zote kwa mwendo mmoja? Je, alishika nafasi yake hata timu aipendayo ilipofungwa?

Tahadhari kwa mwalimu

Siku ya mashindano kati ya shule na shule, hata yale ya UMITASHUMTA, watoto watamtazama mwalimu wao. Akimkonyeza mwokota mipira mara moja tu, amelifuta somo lote. Mtoto asiyeweza kumkatalia mwalimu wake hastahili kuwekwa katika mtihani huo. Kwa hiyo mwalimu wa timu amkabidhi mwamuzi waokota mipira wote kabla ya filimbi ya kwanza, na asiseme nao tena mpaka filimbi ya mwisho.

Mazoezi kwa mwanachuo

1. Chora ramani ya uwanja wa shule unayofanyia mazoezi ya kufundisha. Onyesha nafasi nane za waokota mipira na sehemu zote za hatari.
2. Andika maelekezo ya maneno yasiyozidi 50 ambayo mwamuzi angewapa waokota mipira wa Darasa la Tano.
3. Mzazi analalamika kwamba mwanawe “aliisaidia timu ya wageni” kwa kuurudisha mpira upesi. Utamjibuje mbele ya mtoto huyo?