Kusoma Mvua Kabla Mto Haujafurika

Tarehe 4 Desemba 2021, basi lililobeba wanakwaya waliokuwa wakienda harusini lilisombwa na maji likijaribu kuvuka Mto Enziu karibu na Mwingi, Kaunti ya Kitui. Zaidi ya watu 30 walifariki. Kama mito mingi ya Kitui na Makueni, Enziu ni mto wa msimu: kwa miezi mingi huwa mchanga mtupu, kisha hujaa kwa saa chache tu.

Maji hutoka wapi?
Mto Kaiti, unaopita Wote, hupokea maji ya vilima vya Kilungu na Mbooni. Mvua ikinyesha vilimani, aliye chini mtoni anaweza kufikiwa na mafuriko bila tone kumwangukia.

Mvua hupimwaje?
Kipimamvua husomwa kila siku saa tatu asubuhi. Milimita 1 ni sawa na lita 1 kwa kila mita 1 ya mraba. Milimita 20 zikinyesha kwenye eneo la kilomita 10 za mraba, hizo ni lita milioni 200. Ardhi ikiwa imeshiba maji, au imekauka na kuwa ngumu, sehemu kubwa hukimbilia mtoni.

Rekodi hufundisha nini?
Vipimo vya miaka 30 huonyesha kiwango cha kawaida cha kila msimu. Ukambani, mvua za vuli, Oktoba hadi Desemba, hutegemewa kuliko za masika. Huzidi pale Bahari ya Hindi inapopata joto upande wa Afrika Mashariki na kupoa upande wa pili, kama ilivyokuwa 1997, 2019 na 2023.

Hata hivyo, utabiri wa msimu hautaji siku ambayo mto utafurika. Kwa hilo hutumika utabiri wa kila siku na taarifa kutoka juu ya mto. Tena mvua hunyesha kwa mapande: kijiji kimoja hulowa, jirani hukosa. Kila kipimamvua kinachosomwa bila kuruka siku huziba pengo.

Wakazi wanashauriwa:
- Kufuatilia tahadhari za Idara ya Hali ya Hewa ya Kenya redioni.
- Kuwapigia simu walio chini ya mto mvua kubwa inaponyesha juu.
- Kutochota mchanga wala kunywesha mifugo mtoni mawingu yanapotanda vilimani.
- Kutovuka maji yanayokwenda kasi, kwa miguu au kwa gari. Maji ya mto wa msimu hupungua, asubiriwe.