MNYAMA WA RUHUHU NA NENO "HUENDA"

Muhula uliopita, katika mjadala wa chama chetu, niliandika kwamba dinosaria wa kwanza duniani ni wa Tanzania. Nilipigiwa makofi kwelikweli. Lakini mwalimu mlezi aliporudisha daftari langu, neno "ni" lilikuwa limezungushiwa kalamu nyekundu, na pembeni ameandika: "Huenda." Nilinuna siku mbili. Leo nakiri kwamba mwalimu alisema kweli.

Wengi wetu tumesikia habari za dinosaria wa Tendaguru, karibu na Lindi, ambao Wajerumani waliwachimbua kati ya 1909 na 1913. Mmoja wao amesimamishwa Berlin, kimo chake mita 13 hivi. Shingo ndefu, chakula majani. Aliishi miaka milioni 150 hivi iliyopita. Je, majitu hayo yalitokana na nani?

Hapo ndipo anapoingia mnyama wa bonde la mto Ruhuhu, unaomwaga maji yake Ziwa Nyasa. Katika miaka ya 1930, Parrington wa Cambridge alikusanya mifupa huko. Katika miaka ya 1950 Alan Charig aliichunguza, na baadaye akampa mnyama jina la Nyasasaurus, lakini alifariki 1997 kabla ya kulitangaza rasmi. Mwishoni mwa 2012 Sterling Nesbitt na wenzake walilitangaza, na jina la marehemu wakaliweka miongoni mwa waandishi. Mifupa ilikuwa imengoja karibu miaka 80!

Na mifupa yenyewe ni mingapi? London kuna mfupa mmoja wa juu wa mkono na pingili sita za uti wa mgongo. Cape Town kuna pingili nyingine, zikiwemo za shingo. Basi. Hakuna fuvu wala jino.

Hata hivyo, mfupa wa mkono una ukingo mrefu wa kushikia misuli, kama wa dinosaria. Kipande chake chembamba kilipotazamwa kwa hadubini, kilionyesha kwamba mnyama alikua haraka. Urefu wake unakisiwa kuwa mita 2 hadi 3, na umri wake zaidi ya miaka milioni 240. Wataalamu wengine wamemweka katika ukoo wa wala majani wenye shingo ndefu. Wengine wanasema ni jamaa wa karibu tu wa dinosaria. Bila meno, nani atajua alikula nini?

Jambo hili nililielewa shambani kwetu Kenyenya. Tukilima, jembe lilitoa kigae. Nyanya alikipangusa, akapapasa ukingo, akasema, "Hiki kilikuwa chungu cha maji, mjukuu wangu. Hakina masizi, na mdomo wake ni mwembamba." Nikamwuliza kilikuwa cha nani. Akacheka: "Hilo kigae hakijaniambia."

Wenzangu, huo ndio usomi. Nyanya alisema alichokiona, akanyamaza pale kigae kiliponyamaza. Mimi kwa mifupa michache nilitaka kumtangaza bingwa wa dunia! "Ni" hutaka ushahidi kamili. "Huenda" huacha mlango wazi. Siku moja pengine mtu atarudi Ruhuhu, aokote fuvu lenye meno. Huenda mtu huyo akawa mmoja wetu.

Mwanachama, Kidato cha Tatu