Chai ya Kijani na Mvuke wa Zebaki

*Shikamoo Shangazi. Mume wangu ni mchimbaji mdogo, anashuka duarani Lwamgasa na mara nyingine anachenjua mwenyewe. Tangu mwezi uliopita anakohoa bila kukatika, na siku hizi mikono inamtetemeka. Kuna mtu anauza chai ya kijani na vidonge vyake, anasema vinasafisha mapafu na kutoa zebaki mwilini. Tumeshampa shilingi 60,000 na dozi ni ya miezi mitatu. Tuendelee? Na mimi nina ujauzito wa miezi mitano, naweza kuinywa?*
*Mama Kulwa, Katoro*

Marahaba mwanangu, na pole kwa kuuguza ukiwa katika hali hiyo.

Nianze na kikohozi, maana hicho hakisubiri. Mtu wa duarani akikohoa zaidi ya wiki mbili apimwe kifua kikuu, hakuna mjadala. Vumbi la mwamba wa dhahabu lina silika, chembe ndogo mno ambazo kitambaa cha kujifunga puani hakizizuii. Zinatua chini kabisa ya mapafu na kuacha makovu, na mapafu yenye makovu hushikwa na TB kwa urahisi. Makovu yenyewe hayafutiki kwa chai wala kwa dawa ya hospitali. TB inatibika, na vipimo na dawa zake ni bure kwenye vituo vya serikali. Mumeo aende akatoe makohozi, na aseme wazi kuwa ni mchimbaji. Akikutwa nayo, wewe na watoto nanyi mpimwe.

Mikono kutetemeka umekutaja kwa haraka, kumbe ndiko kulikonishtua. Kazi hiyo unaijua: mchanga uliooshwa unachanganywa na zebaki kwenye beseni, unakamuliwa kwa kitambaa, linabaki donge jeupe linalong'aa, kisha linawekwa motoni. Dhahabu inabaki, zebaki inapaa. Mvuke wake hauna harufu wala hauwashi macho, ndiyo maana watu wanauinamia bila wasiwasi. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 mradi wa Umoja wa Mataifa ulipima afya za watu hapohapo Lwamgasa, na dalili za sumu zilionekana zaidi kwa wale wanaochoma. Kutetemeka ni mojawapo. Kukosa usingizi, kusahau na hasira za ghafla ni nyingine, hebu mwangalie.

Sasa, hakuna chai inayotoa zebaki mwilini. Mtu akiacha kuivuta, figo zenyewe huitoa kidogo kidogo kwa mkojo, kwa miezi kadhaa. Ndiyo maana ahadi ya miezi mitatu inanikera: mumeo akipumzika kuchoma kipindi hicho na akapata nafuu, sifa za figo zitakwenda kwa muuzaji. Hospitalini daktari anaweza kuagiza kipimo cha mkojo, na aliyezidiwa hupewa dawa maalumu inayoshikana na zebaki, chini ya uangalizi.

Kama anachomea jikoni kwako, mwanangu, leo iwe mwisho. Mvuke ule unapita hadi kwa mtoto tumboni. Achomee nje, mbali na nyumba na watu, upepo ukiwa mgongoni kwake, tena kwa retoti, kile chombo kilichofungwa kinachonasa mvuke na kuurudisha kuwa zebaki. Nguo zake za kazini zisichanganywe na za watoto kwenye kufua.

Chai yenyewe siichukii. Ni mmea uleule wa chai ya rangi tunayopata kutoka Mufindi na Rungwe. Tofauti ni kwamba majani ya chai ya kijani hupashwa moto mara baada ya kuchumwa ili yasigeuke rangi, hivyo hubaki na katekini nyingi, viini ambavyo wataalamu wanaamini vinasaidia mishipa ya damu. Utafiti wa Ohsaki, Japani, uliochapishwa mwaka 2006, ulifuatilia watu wazima zaidi ya 40,000. Waliokunywa vikombe vitano au zaidi kwa siku walikufa kwa maradhi ya moyo na kiharusi kwa kiwango cha chini kuliko waliokunywa chini ya kimoja. Hilo halithibitishi kwamba chai peke yake ndiyo iliyofanya kazi hiyo, na Wajapani kwa kawaida hawaitii sukari. Ukiijaza vijiko vitatu kama tulivyozoea, umeongeza tatizo jingine. Ipoe kidogo kabla ya kunywa, maana vinywaji vya moto sana vimehusishwa na saratani ya umio, ambayo huku Afrika Mashariki tunayo nyingi.

Vidonge ni jambo tofauti. Mwaka 2018 mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya ilionya kwamba katekini zilizokolezwa, kuanzia miligramu 800 kwa siku, zinaweza kudhuru ini. Dawa za TB nazo hulielemea ini. Aviache leo, na aende na kopo lake kliniki daktari alione.

Na wewe? Kikombe kimoja au viwili kwa siku havina shida, ila si pamoja na chakula. Chai, ya kijani au ya rangi, huzuia madini ya chuma yaliyomo kwenye maharage na nsansa yasiingie vizuri mwilini, na mjamzito wa ukanda wetu wenye malaria hana damu ya kupoteza. Kula kwanza, meza vidonge vya kuongeza damu ulivyopewa kliniki kwa maji, halafu subiri saa moja au mbili ndipo unywe chai yako.